Nukta Juu ya Paa la Hosea

Vijana wa siku hizi wakikaa barazani kwangu na kuanza kusema digrii ya kompyuta ni karatasi ya kufungia maandazi, huwa nawaacha waseme wachoke, kisha nawauliza kama wamewahi kuona mtu akimwagwa damu kwa sababu ya digrii, na mwingine akiponea digrii hiyo hiyo, siku moja, mtaa mmoja. Mimi nimeona, mchana kweupe, na mwenye digrii nilikuwa nimemshika kiuno juu ya pikipiki.

Naitwa Asmahani. Nashona nguo Ngamiani, cherehani yangu iko barazani, na mlango wa pili kutoka kwangu ni wa fundi simu aitwaye Idarusi. Huko kwa Idarusi ndiko alikofanya kazi Bibiana, na habari hii ni yake.

Bibiana ni mtoto wa mashamba ya mkonge. Babu yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Baba yake, Kristofa, alizaliwa kwenye kambi ya shamba, akakua hapo hapo, akapewa kazi kwenye korona, ile mashine inayosaga jani la mkonge likabaki nyuzi. Bibiana alikuwa darasa la tatu siku alipompelekea baba yake chakula akakuta mashine imemshika mkono na bado inavuta. Aliyetakiwa kuizima alikuwa upande wa pili, hakuona kitu. Mpaka anapiga kelele na mtu kukimbia kwenye swichi, mkono ulikwisha kwenda mpaka kiwiko. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunakula muhogo, na hakulia. Alisema tangu siku ile aliichukia mashine isiyojua kama kilicho mbele yake ni jani au ni mtu.

Kwa hiyo akasoma kama mwenye kisasi. Parokia ilimshika mkono, mama yake akalima, mzee Kristofa akalinda geti la shamba kwa mkono wake uliobaki, na binti akaenda Dodoma akasoma kompyuta akamaliza. Alirudi Tanga na digrii yake ndani ya bahasha ya plastiki, akaanza kuzunguka maofisini. Pa kwanza wakamweka kwenye mashine ya fotokopi. Pa pili bosi alimwita achomeke nyaya nyuma ya televisheni ili watu watazame mpira, na alipoinama bosi akamshika makalio. Bibiana aling'oa kibodi ya kompyuta iliyokuwa karibu akamtandika nayo usoni, herufi zikatawanyika sakafuni kama punje za mahindi. Hapo ndipo habari za maofisi zilipoishia.

Idarusi ni mtu wa Mtang'ata, shule aliiacha njiani, lakini mikono yake ilikuwa na akili kuliko vichwa vya watu wengi ninaowajua. Alimchukua Bibiana kwa sababu alichoka kurudisha simu asizoziweza. Wiki ile ya kwanza Bibiana aliunguza simu ya mteja kwa pasi ya risasi, ile ya moto ya kuunganishia nyaya. Mteja, dereva wa bodaboda, akamzaba kibao. Bibiana akamrudishia viwili. Mimi ndiye niliyewaamua kwa mkasi wa kitambaa mkononi, na Idarusi alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo wakazoeana. Simu iliyokufa Idarusi aliifufua, na ile iliyokuwa hai lakini imerukwa na akili Bibiana aliituliza. Hakuna aliyejifanya anajua kazi ya mwenzake.

Kosa, kama ni kosa, lilianza na fremu. Idarusi aliichukua ile digrii, akaitia kwenye fremu ya dhahabu ya bandia, akaitundika juu ya meza karibu na Ayatul Kursi. Alitaka wateja waone ana msomi. Wateja waliona, ila waliona walichokizoea. Hapa kwetu mganga mwenye kibali naye hukitundika ukutani hivyo hivyo, na watu wakiingia humwamini kabla hajafungua mdomo.

Tanga ukiibiwa, njia zilikuwa zinajulikana. Unatangaza kwamba utasoma Halbadiri, ili mwizi aingiwe na hofu airudishe mali mwenyewe, au unakwenda kwa mpiga ramli na jina la unayemshuku na jina la mama yake. Bibiana akawa njia ya tatu. Alikuwa anaweza kuingia kwenye akaunti ya mwenye simu na kuonyesha ilipo kwenye ramani. Alipata simu moja ndani ya gunia la dagaa sokoni, na nyingine kwa shemeji wa mwenyewe, na hiyo ilizua talaka. Jina lake likavuma. Watu wakaanza kuja kwa adabu, wanavua viatu mlangoni, wanakaa mkekani, wanataja majina ya wanaowashuku na majina ya mama zao.

"Mama, sihitaji jina la mamake," Bibiana alikuwa akiwaambia. "Nahitaji neno lako la siri."

Wanacheka, wanampa, na jina la mamake huyo mtu wanalitaja vile vile.

Asubuhi ninayoisema, watu wawili wa pikipiki walisimama mbele ya duka la Bi Fakhria, mjane wa Kiomani anayeuza vitambaa mtaa wa nyuma yetu. Mimi bitana na nyuzi zangu zote nanunua kwake. Mmoja alibaki kwenye pikipiki. Mwingine aliingia akauliza bei ya khanga, na Bi Fakhria alipogeuka kuishusha, alimpiga nondo ya kichwa. Akampiga tena alipoanguka. Akachukua vilivyokuwa kwenye droo na simu iliyokuwa juu ya meza, akatoka anatembea tu, wala hakukimbia. Nilifika majirani wakimwinua. Marobota ya khanga yalikuwa yamelowa damu, na jicho moja la Bi Fakhria lilikuwa wazi lakini halimtazami mtu. Jirani yake alisema mpigaji alivaa gambuti za kazini. Nikatamani ningekuwa na huyo mtu na mkasi wangu chumbani, sisi wawili tu. Sisemi uongo.

Mwanawe, Wael, alimpeleka hospitali, kisha akaja moja kwa moja kwa Idarusi. Kanzu yake ilikuwa imelowa damu ya mama yake toka kifuani mpaka magotini. Nyuma yake kulikuwa na vijana wa mtaa waliojaa mpaka barazani kwangu, wameshika fimbo, mmoja ana bomba la chuma. Niliacha kushona nikasimama mlangoni.

"Dada Bibiana," Wael alisema, "simu ya mama wamekwenda nayo. Akaunti nilimfungulia mimi, neno la siri ninalo. Nitazamie iko wapi."

"Mama yuko hai?"

"Hawajatwambia kitu. Nitazamie, dada."

Kijana mmoja mwenye kofia nyekundu akajipenyeza mbele. "Yuko mmoja twamshuku. Jina lake na la mamake tunalo."

"Kaa nalo," Bibiana akamjibu.

Akafungua laptopu yake. Ramani ikazunguka, ikatua Makorora. Nukta ya buluu, na kuizunguka, duara jepesi la rangi ya maji lililofunika mtaa na mtaa. Bibiana aliweka kidole kwenye kioo akazungusha ukingo wa duara, polepole, ili waone.

"Wael, nisikilize vizuri. Simu imeingizwa ndani, iko chini ya bati, haipati setilaiti. Inakisia tu kwa minara ya simu. Hii nukta ni katikati ya duara, basi. Si nyumba. Simu inaweza kuwa popote ndani ya mviringo huu, na humu mna mamia ya nyumba. Twende polisi sasa hivi, nakuja na kompyuta."

"Nimeelewa," Wael akasema.

Bibiana akainama chini ya meza kuchomoa chaja. Ni hapo tu. Yule mwenye kofia nyekundu alitaka kuona vizuri, akaweka vidole kwenye laptopu akaivuta ramani ikue. Ikakua. Kila alivyoivuta duara lilitanuka, mpaka ukingo wake ukatoka nje ya kioo pande zote, na kilichobaki ni nukta peke yake, imekaa katikati ya paa moja la bati la kijani, kama nzi juu ya sahani.

"Paa hili nalijua," akasema. "Napita hapo kila siku. Anakaa mshamba mmoja wa Lushoto. Mchana kutwa amelala, usiku hayupo."

Bibiana aliinuka na chaja mkononi akakuta duka tupu. Alitazama kioo, akaona walichokiona wao. Rangi ilimtoka usoni nikaiona ikitoka.

"Bi Asmahani," akasema, "wewe si unakaa Makorora? Nyumba hii unaijua?"

Niliijua. Ilikuwa ya Hosea, baba mmoja Mlutheri anayefanya kazi kiwandani zamu ya usiku, mpole mpaka anakera. Mkewe, Brightness, ananiuziaga mboga.

Idarusi alishika simu kuwapigia polisi na mwenyekiti wa mtaa. Bibiana aliifunga laptopu kwa khanga kifuani kama mtoto mchanga, dereva wa bodaboda akatupakia mshikaki, Bibiana katikati, mimi nyuma. Mimi ni mnene na barabara ile ina mashimo. Nilisoma dua zote ninazozijua, na baadhi nilizisoma mara mbili kwa kuwa nilisahau kama nimeshazisoma.

Tulisikia kabla hatujaona. Kuna sauti watu hutoa wakiwa wengi wanampiga mmoja, si kelele wala si maneno. Mlango wa Hosea ulikuwa umelala chini. Gambuti zake za kiwandani zilikuwa zimetupwa katikati ya njia, kila anayefika anaonyeshwa gambuti, na kila anayeonyeshwa anaokota jiwe. Hosea mwenyewe walimtoa kitandani na chupi tu. Alikuwa amepiga magoti, mikono imefunika kichwa, na vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimegeukia upande usio wake. Bomba la chuma lilimpiga mbavuni, akatoa pumzi kama mtu anayekohoa. Jicho la kushoto lilikuwa halipo tena mahali pake. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa. Alikuwa akirudia neno moja, "Kiwandani, kiwandani," na hakuna aliyemuuliza anamaanisha nini.

Mtu alikuwa anabingirisha tairi kutoka gereji ya jirani. Mwingine alikuwa na chupa ya maji ya kunywa yenye petroli.

Bibiana aliingia kati kwa viwiko. Alimpiga teke mmoja, akapigwa mgongoni na fimbo, akaendelea. Alifika kwa Hosea akasimama juu yake, miguu huku na huku, ili anayetaka kumpiga ampige yeye kwanza.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Nimewaambia ni duara! Wael, nilikwambia nini?"

Wael alikuwa ameshika jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto. "Umetuonyesha wewe mwenyewe," akasema. "Tumeona kwa macho yetu. Ondoka, dada, nisije nikakuumiza."

"Huyo naye mwenzao," mtu akasema kwa nyuma. "Watu wa bara hao wamoja."

Bibiana akafungua laptopu mikononi mwake, akaiunganisha na intaneti ya simu yake, akaipelekea simu ya Bi Fakhria amri ya kulia kwa sauti ya juu kabisa. Simu ikiwa inawaka, hulia hata kama imezimwa sauti. "Nyamazeni," akasema. "Kama iko humu ndani mtaisikia." Wakanyamaza, kweli, maana walitaka kusikia. Nyumba ya Hosea ilikuwa kimya. Tulisikia maji yakidondoka kwenye ndoo uani na pumzi za Hosea.

"Kaifukia," yule mwenye kofia nyekundu akasema.

Na kabla Bibiana hajamjibu, nukta ikahama. Ile amri ya kulia ilikuwa imeiamsha simu ijipime upya, ikaangukia mnara mwingine, na nukta ikaruka juu ya paa la pili kushoto. Kijana huyo aliiona kwa juu ya bega la Bibiana. "Imehamia kule! Kuna mwenzake anakimbia nayo!"

Nusu ya watu wakakatika kama kipande cha kitambaa kilichochanwa, wakauendea mlango wa pili. Humo anakaa Bi Nasma, bibi wa miaka mingi, alikuwa anachambua mchele. Waliuvunja mlango wakamsukuma, akaangukia jiko la mkaa, na ngozi ya mkono wake ikababuka. Alipiga yowe ambalo mpaka leo nikiwasha jiko nalisikia. Waliokuwa mbele walisimama wakitazamana. Waliokuwa nyuma hawakuona kitu, waliendelea kusukuma.

Bibiana aliigeuza laptopu akaikumbatia, kioo kikiwa kifuani kwake. Wakamzonga.

"Onyesha! Sasa iko wapi?"

Nilimwona akiwaza, na nilijua anawaza nini, kwa sababu mimi pia nilikuwa nawaza hicho hicho. Watu wale walikuwa wanamsubiri yeye. Paa lolote ambalo lingetajwa na mdomo wake, mwenye paa hilo alikuwa amekufa. Angeweza kuwatupia popote, akawaondoa juu ya Hosea, na Hosea akapona.

"Subirini," akasema. "Subirini niitazame kwanza."

Aliinamisha kioo akatazama peke yake. Akabonyeza, akasubiri nukta iruke, akabonyeza tena, huku damu ya mgongo ikimshuka kwenye blauzi. Mwenye petroli alikuwa ameshafungua chupa na harufu ilikuwa imetujaa. Kisha Bibiana akaigeuza laptopu kwao, akainyanyua juu kwa mikono miwili.

Nukta ilikuwa imekaa juu ya msikiti wa mtaa.

Bibiana ni Mkatoliki, asingeweza kulisema lile lililokuwa linatakiwa kusemwa, wangemla mzima. Basi nikalisema mimi, ambaye nimesali kwenye msikiti ule toka nikiwa mwari.

"Haya," nikasema. "Kompyuta imeshasema. Nani anatangulia kuvunja mlango? Wael, wewe si ndiye mwenye mama? Mwiteni imamu atoke tumvishe tairi."

"Bi Asmahani, usikufuru," mtu mmoja akasema.

"Nakufuru mimi? Nyie mmeshakufuru kwa huyu na kwa Bi Nasma, kwa nukta hii hii. Ilipokaa kwa Hosea ilikuwa kweli, ilipokaa kwa Bi Nasma kweli, sasa imekaa kwa Mungu imekuwa uongo? Tangulieni, nawafuata."

Mtu akacheka. Sijui nani, kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyeona aibu. Mwenye tairi aliliachia likaanguka. Niliona mikono ikishuka, mmoja mmoja, mawe yakiwekwa chini taratibu kama watu wanarudisha vitu vya kuazima. Wael alibaki na lake. Alimtazama Hosea, kisha akaitazama kanzu yake, nadhani alikuwa anajaribu kujua ipi ni damu ya mama na ipi si yake. Akakaa chini kwenye vumbi.

Jiwe moja bado lilikuja. Aliyelitupa alikuwa nyuma kabisa, hakuona ramani wala hakusikia nilichosema. Lilimpata Bibiana mdomoni. Alimwangukia Hosea, laptopu ikaanguka, na polisi walipofika walimkuta anatema meno kwenye kiganja.

Sasa sikilizeni faida ya digrii, nyie mnaofungia maandazi. Hosea alilazwa na pingu kitandani, jicho moja limekwisha, mbavu zimevunjika, na bado alikuwa mshukiwa, kwa kuwa kundi zima lilisema simu ilikuwa kwake. Idarusi alikwenda kueleza habari ya duara. Alieleza vizuri kabisa, kwa miaka yote aliyokaa na Bibiana alikuwa analielewa. Wakamuuliza amesoma wapi, kisha wakamwambia akae benchi. Kesho yake Bibiana alikwenda na mdomo ulioshonwa, digrii akaitoa kwenye fremu akaibeba. Alieleza yale yale, kwa tabu, mate yakimtoka. Mkubwa wa kituo aliita mtu akaandika kila neno, naye akaomba radhi anapomkatiza. Jioni pingu zilitolewa.

Na si hivyo tu. Alizunguka Makorora na askari, nyumba baada ya nyumba ndani ya lile duara, akiiliza simu kila kona, mpaka ikasikika inalia chini ya banda la kuku, mtaa ambao nukta haikukanyaga hata mara moja. Kuku walikuwa wametoka wote wamesimama nje wanaitazama. Mpigaji alikamatwa akiwa na gambuti zake. Bi Fakhria aliamka, upande mmoja wa mwili haumtii, na alichoulizia ni simu, maana mna picha za marehemu mumewe. Wael alikamatwa pamoja na wengine, kesi inaendelea. Nimekuwa nikimwona akiletwa mahakamani. Siwezi kumpenda na siwezi kumchukia, na hilo linanichosha.

Watu wakamfanya Bibiana shujaa. Walimletea ndizi, samaki, mmoja alimletea jogoo, na wote waliuliza kama meno yatawekwa mengine. Mimi nilikuwa wa kwanza kujigamba kwa ajili yake. Nilimwambia kila mteja kwamba bila elimu ya yule mtoto Hosea angekuwa majivu.

Kisha Hosea akatolewa hospitali, na mkewe, Brightness, akaja dukani. Sikumwona anafika, nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Niliposikia sauti yake niliacha.

"Karibu ukae, dada," Bibiana alikuwa akimwambia.

"Sikai. Nimekuja kuuliza tu." Alikuwa amesimama karibu na meza, mikono ameikunja juu ya tumbo. "Nimeambiwa wewe ndiwe uliyesema mume wangu si mwizi."

"Ndiyo."

"Nikaambiwa wewe ndiwe uliyewafungulia ile ramani."

"Ndiyo."

"Hilo duara wanalolisema. Ulikuwa unalijua kabla hawajatoka humu ndani, au ulilijua baadaye?"

"Kabla. Niliwaeleza, dada. Waulize, Bi Asmahani alikuwepo. Niliwaeleza yote."

"Uliwaeleza watu wenye fimbo, nguo zao zina damu."

"Wael aliniambia ameelewa. Nilidhani ameelewa."

"Ulidhani," Brightness akasema. Hakupandisha sauti, wala hakulia. Nilikuwa nimesogea mpaka mlangoni, nimeshajiandaa kumjibu kwa niaba ya Bibiana, ulimi wangu unavyojulikana. Nilikuwa na mengi: kwamba aliyapoteza meno yake pale, kwamba alisimama juu ya mumewe na kupigwa. Brightness alinitazama, akautazama mlango pale niliposimama, ubao mzito wa zamani wa nyumba za Ngamiani.

"Mlango huu waliotokea una komeo?" akamuuliza Bibiana.

"Lipo. Unalo."

"Kwa ndani?"

"Kwa ndani."

Brightness akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa. "Mume wangu ameniambia nikusalimie," akasema. "Anakushukuru sana." Akanipita, akaenda zake kuelekea sokoni.

Nilirudi kwenye cherehani. Idarusi alijifanya anatafuta skrubu. Wateja watatu walikuwa wanangoja nje, na Bibiana alitoka akawaambia warudi kesho, kisha akaingia akaurudisha mlango. Nikasikia komeo likiingia. Nikalisikia likitoka, likiingia tena, likitoka, laini kabisa, halina hata kutu, mtoto mdogo angeweza kulifunga.